Kikombe cha Kitanda cha Dirishani

Mke wangu alimimina chai katika wodi ya wazazi. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana na akaiacha miguu ilipokataa. Hospitali nzima ilimwita Mama Birika. Hata mimi mumewe, nikimtafuta, niliuliza, "Mama Birika amepita huku?" Nikitaja jina lake la kuzaliwa watu walinikodolea macho kama nimetaja mgeni.

Mimi nilisukuma machela. Wakaniita Dereva.

Tulijuana kwenye kona ya korido, pale penye beseni la kunawia. Mimi natoka huku na machela tupu, yeye anatoka kule na kitoroli chake, na hakuna aliyempisha mwenzake. Chai ikanimwagikia kuanzia kifuani mpaka kwenye viatu. Nikangoja aseme pole.

Akasema, "Unajua hiyo ilikuwa ya watu wangapi?"

Nikamuoa.

Alikuwa mtu wa mwili, na alipenda kulisha. Vikombe vyake vilianza kusikika kabla hajafika mlangoni. Mgonjwa akiacha mkate, alisimama pale pale mpaka uishe. "Kula, mwanangu. Hapo ulipo si tumbo moja." Wote aliwaita mwanangu, hata waliomzidi umri.

Lakini walikuwapo wale wa kupasuliwa. Hao hawapewi kitu. Jioni wanakula mapema, kisha basi. Asubuhi chai inawapita. Daktari akimlaza mtu kwa dawa ya usingizi, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda, kikageukia mapafuni, na mtu akazama akiwa juu ya kitanda kikavu. Mjamzito ndiye wa kuchungwa zaidi, maana mtoto amelisukuma tumbo la chakula juu na mlango wake umelegea. Haya niliyajua kwa kusikia. Nimesimama sana kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

Kila kitanda kilikuwa na karatasi ya maagizo, lakini mke wangu hakujua kusoma. Mimi herufi nilizijua ukubwani. Yeye alisema kichwa chake kimeshajaa vikombe. Basi sista mkuu wa zamani alimtungia alama. Mgonjwa wa kupasuliwa kikombe chake kinafunikwa juu ya kabati la kitanda, mdomo chini. Kikisimama, mimina. Kikifunikwa, pita. Wauguzi ndio waliofunika, jioni. Sista mkuu yule akastaafu, wakaja wengine, alama ikabaki.

Ilimfaa mno, mpaka ikamharibia. Miaka ikienda, mke wangu hakutazama tena nyuso. Alitazama vikombe.

Sasa nimseme Fundi.

Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mnene. Nimesema mke wangu alikuwa mtu wa mwili. Huyu alimfanya mke wangu aonekane ametoka kuugua. Siku alipolazwa nilimpokea mlangoni na machela yangu, akaizunguka, akaikagua kama anayenunua.

"Dereva, hii ina magurudumu ya akiba?"

"Magurudumu mazima. Breki ndiyo sina hakika nayo."

"Basi tusipite kwenye mteremko."

Akacheka, nami nikacheka. Tukampa kitanda cha dirishani, ndicho kilichokuwa kipana.

Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, na mtoto hakuishi. Safari hii wakubwa walisema apasuliwe mapema, kabla uchungu haujaanza, kovu la zamani lisije likaachia. Na presha yake ilikuwa inapanda. Kwa hiyo hakulala pale kwa starehe. Kila alfajiri aliamka akijua leo ndiyo leo.

Siku ya kwanza akaingia mgonjwa wa dharura. Fundi akaambiwa angoje. Siku ya pili mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji iliharibika. Akaambiwa tena angoje. Mara zote mbili alifunga tangu jioni iliyotangulia, na mara zote mbili aliruhusiwa kula jua likiwa limeshageuka. Siku ya pili akauliza kama anaweza kupata walau chai. Sista mmoja wa wodi, mwepesi wa ulimi, akamjibu mbele ya wote:

"Wewe usilalamike, shosti. Wewe una akiba ya mwezi mzima."

Wodi ikaangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, kisha akageukia dirisha.

Siku ya tatu mama yake alikuja asubuhi na mapema. Bibi mfupi, mikono haitulii. Alikuta kabati la mwanawe lina vumbi, akalifuta. Akakuta kikombe kimepinduliwa. Akakisuuza, akakikausha kwa ncha ya nguo yake, akakisimamisha vizuri kama kikombe cha mtu. Hakuna aliyemwambia lolote. Muda wa kuona wagonjwa ukaisha, akatolewa nje.

Mke wangu akaingia na kitoroli. Kikombe kimesimama. Akamimina chai ya maziwa, akaweka na mkate. "Kula, mwanangu," akasema, macho yake yakiwa tayari kwenye kabati linalofuata.

Hayo ya bibi na kikombe tuliyajua baadaye. Asubuhi ile mimi niliambiwa tu, kamlete wa dirishani.

Nilimkuta ameketi, anajifuta mdomo kwa shuka.

"Dereva, leo kweli?"

"Kweli. Umeitwa wa kwanza."

"Basi sukuma kabla hawajageuza."

Nikasukuma. Siku hiyo hakutania breki. Alilala ameshika tumbo kwa mikono miwili, anatazama taa za darini zikimpita.

Tulikuwa tumefika kwenye ile kona ya beseni niliposikia miguu nyuma. Mke wangu hakuwa mtu wa kukimbia. Nilipogeuka nilimwona anakimbia, kikombe mkononi.

"Dereva! Simama!"

Nikakanyaga breki. Ikapiga kelele kama kawaida yake.

Alikuwa anahema. Alikuwa akikusanya vikombe, akafika dirishani, akakuta kitanda kitupu, shuka limekunjuliwa kama wanavyokunjua kwa mtu aliyekwenda kupasuliwa. Na juu ya kabati, kikombe kilichonywewa. Aliniinamishia nikione. Chini kulikuwa na maziwa kidogo na chembe za mkate zimelowa.

Akamwinamia Fundi. "Mwanangu, hiki ni chako?"

"Vikombe vya hapa si vyote sawa?"

"Nimekitoa kabatini kwako."

"Basi amekunywa mama yangu."

"Mama yako alikuwa ameshatoka. Nilimimina mwenyewe. Umekunywa?"

Fundi alitazama dari. "Sijanywa kitu."

"Mwanangu."

"Mama, nimesema sijanywa. Dereva, twende."

Sikwenda. Nilimtazama mke wangu, naye anakitazama kikombe. Nilijua hesabu anayoipiga. Mpishi mkuu alikuwa ameshasema siku nyingi kwamba asiyejua kusoma hafai kugawa chakula wodini. Alikuwa anangoja kosa moja tu. Kosa lenyewe hilo, analo mkononi. Akilirudisha jikoni akalisuuza, hakuna atakayejua. Na mwanamke huyu akilazwa usingizi na chai ile tumboni, huenda asiamke. Yeye wala mtoto.

Alinitazama. Yako mambo mtu hamwamulii mkewe.

Mbele yetu sakafuni kulikuwa na mstari mwekundu. Hapo ndipo chumba cha upasuaji kinapoanzia. Watu wa jikoni hawauvuki. Mke wangu hakuwahi kuuvuka hata siku moja. Chai ya madaktari aliiacha pale pale kwenye mstari, wakaja kuichukua.

Akauvuka na viatu vyake vya jikoni.

Ndani walikuwapo daktari wa usingizi na sista wa chumba kile. Daktari alikuwa binti mwembamba, mwenye sauti ya chini, mtu wa kukufanya usogee ili umsikie. Sista akaona viatu.

"Wewe mama! Umepotea?"

"Sijapotea. Daktari, huyu nimempa chai mimi."

"Mwongo!" Fundi alipiga ukelele machelani. "Daktari, usimsikilize. Nimefunga. Siku tatu nafunga, mnanirudisha, mnanirudisha. Mimi sirudi tena!"

Daktari alikichukua kikombe kwa mke wangu, akachungulia ndani. "Chai ya nini?"

"Ya maziwa."

"Na mkate?"

"Na mkate."

Sista akapiga makofi. "Mmeona? Hawa watu wa mwili hawawezi kujizuia. Ungemfungia chakula kwa kufuli angekula kufuli."

Hapo daktari aligeuka. Sauti yake haikupanda, lakini sote tulisikia. "Sista, maji matupu hushuka upesi, kwa mnene na kwa mwembamba. Maziwa na mkate hukaa, kwa mnene na kwa mwembamba. Mwili wake haujakosa kitu. Nileteeni ile mashine ya picha."

Ikaja mashine ile ile wanayotazamia watoto. Daktari akaniambia niinue kichwa cha machela, akamgeuza Fundi ubavu wa kulia, akampaka yale mafuta ya baridi juu ya tumbo, karibu na mbavu.

"Daktari," Fundi akasema, sauti imepungua, "mtoto yuko huko chini."

"Simtafuti mtoto. Naitafuta chai."

Kioo kikawaka. Mimi si mjuzi wa kioo. Niliona kitu cha mviringo kimetuna, ndani yake vijiwingu vinatembea. Daktari akakisogeza kifaa hivi na vile, akakitazama kwa muda.

"Tumbo tupu hujikunja," akasema. "Lako limejaa. Umekula nini, dada?"

Tulisikia maji yakidondoka kwenye bomba la chumba cha pili.

"Kikombe kimoja," Fundi akasema. "Na mkate."

"Huo tu?"

"Na wa jirani."

Mke wangu akashtuka. "Na wa jirani?"

"Hakuumaliza."

Hakuna aliyecheka. Daktari alivuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa Fundi.

"Nisikilize. Nia yangu ni kukuchoma ganzi mgongoni, ubaki macho, umsikie mtoto wako akilia. Lakini ganzi wakati mwingine inakataa. Ikikataa, sina budi kukulaza kabisa. Na nikikulaza na tumbo hili..." Akaacha hapo. "Tungoje lishuke. Tutatazama tena mchana."

"Kwa hiyo narudi wodini."

"Hurudi. Utakaa chumba cha pembeni hapa hapa. Hakuna wa kukuruka leo."

Fundi akafumba macho. Machozi yakamtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni. Mke wangu akayafuta kwa aproni.

"Na wewe," sista akamwambia mke wangu, "kajieleze jikoni."

"Atajieleza baadaye," daktari akasema. "Presha ya huyu inapanda. Akae naye mtu. Mvulieni mama viatu."

Nikabaki mimi na kitoroli cha chai kilichoachwa katikati ya korido. Nikakirudisha jikoni. Kila niliyempita alinitania: Dereva umebadilisha gari? Mpishi mkuu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Mkeo yuko wapi?"

"Ana mgonjwa."

"Tangu lini ana mgonjwa?"

"Tangu asubuhi."

"Nimesikia alichofanya. Akija aje kwangu kwanza."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Niliporudi niliwakuta chumba cha pembeni, mlango uko wazi. Nikasimama nje na machela yangu. Fundi amelala kwa ubavu, mke wangu amekaa kwenye kibao kidogo kuliko yeye, amemshika mkono.

"Kwa nini ulikataa, mwanangu? Mficha uchi hazai."

"Mama, mtu mwembamba akisema ana njaa, anahurumiwa. Mimi nikisema nina njaa, watu wanacheka. Tangu niko mtoto. Nimejifunza kula nikiwa nimegeukia ukutani. Asubuhi ulipomimina sikuamini. Nilisema labda wameniruhusu. Kisha nikasema, usiulize, kunywa. Nilijua, mama. Nilijua nikanywa."

"Na mimi sikukutazama," mke wangu akasema.

Daktari wa usingizi alikuwa akipita mara kwa mara, anampima presha, anasikiliza mtoto, anaondoka. Nami nikaitwa huku na kule, nikapeleka huyu, nikarudisha yule, na kila safari niliipitishia machela pale. Kila nilipochungulia, mkono haujaachiwa.

Mchana haujafika vizuri Fundi alijivuta ghafla. "Mama. Kuna kitu kinavuta."

"Wapi?"

"Chini. Kwenye mshono."

Mke wangu hakunyanyuka. Aligeuza kichwa tu, akaniona. Nikaenda mbio. Na mimi si mtu wa kukimbia.

Akaja daktari wa kupasua, mzee mwenye haraka zake, na yule wa usingizi nyuma yake. Uchungu umeanza. Ule walioukimbia siku tatu umewakuta. Wakamsikiliza mtoto. Maumivu yakija, mapigo ya mtoto yanashuka. Yakipita, yanapanda taratibu. Yakija tena, yanashuka zaidi. Sote tulisikia kile kidude cha kusikilizia mapigo kinavyolia, tuku tuku tuku, kisha kama mtu amechoka kupanda ngazi.

Daktari wa usingizi akaweka mashine juu ya tumbo kwa mara nyingine. "Imepungua," akasema. "Haijaisha."

"Siwezi kungoja iishe," mzee akasema. "Kovu lile likiachia hatutakuwa na wa kumngojea."

"Basi mgongo."

"Na mgongo ukikataa?"

Tukamsukuma ndani.

Mlango wa chumba kile una kioo kidogo cha mviringo. Mimi niliishia hapo. Mke wangu nilidhani ataishia hapo pia, lakini Fundi hakumwachia mkono, na daktari akasema, "Mvalisheni, aingie." Wakamvika gauni la kijani, halikumfunga nyuma.

Niliona hivi. Fundi ameketishwa ukingoni mwa kitanda, mgongo kwa daktari. Mke wangu amesimama mbele yake, amemkumbatia, tumbo kwa tumbo. Kwenye meza ndogo ya kichwani, dawa ya usingizi imeshavutwa kwenye bomba la sindano, iko tayari. Pembeni yake mrija wa kufyonza, unanguruma. Sista ndiye ameushika.

Mgongo wa mtu mwembamba una vifundo, unavihesabu kwa jicho. Wa Fundi ulikuwa laini mtupu. Daktari alitafuta kwa kidole, akapima, akachoma.

"Mfupa," akasema. Akatoa.

Akatafuta tena. Akachoma tena. "Mfupa."

Fundi, uso umezama begani kwa mke wangu, akasema, "Daktari, mimi nashinda na sindano. Mwanafunzi wangu akitafuta tundu namna hiyo, namnyang'anya kitambaa."

Daktari akacheka kidogo, kwa pua. Maumivu yakaja. Fundi akataka kunyooka, akaguna kwa sauti ambayo sijaisahau. Kile kidude cha mtoto kikaanza kupunguza mwendo.

Mzee alishaosha mikono, ameiinua juu, inadondosha maji. "Daktari, mlaze tu."

"Mara moja tena."

"Mtoto anachoka."

"Mara moja."

Sista akasogeza mkono kwenye dawa ya usingizi. Mimi nilishika fremu ya mlango. Nilimwona mke wangu ameweka mdomo kwenye sikio la Fundi. Alichosema aliniambia jioni tukiwa nyumbani.

"Mwanangu, ukitaka kutunga uzi kwenye sindano unakaaje?"

"Nainama."

"Nionyeshe. Uzi huo hapa. Mwanga mdogo. Inama uone tundu."

Fundi akainama. Kidevu kikashuka kifuani, mabega yakaporomoka, mgongo ukajikunja kama upinde, kama anavyoinama kila siku ya maisha yake kwenye cherehani. Akabaki hivyo, hapumui. Daktari akapeleka kidole, akakisimamisha, akachoma.

"Nimepata," daktari akasema.

Wakamlaza haraka. Pazia likavutwa kati ya kichwa na tumbo. Mke wangu akabaki upande wa kichwa. Mzee akaanza kazi, na mimi sikutazama upande wake. Nilitazama kichwa.

Kwa hiyo niliona. Fundi aligeuka rangi, akasema, "Najisikia vibaya," na hapo hapo akatapika. Chai ya maziwa na mkate, wake na wa jirani, bado vinatambulika. Sista akamgeuza uso, akaingiza mrija, akafyonza. Fundi akakohoa kwa nguvu zake mwenyewe, akatema, akavuta pumzi.

"Samahanini," akasema.

Daktari wa usingizi alimtazama mke wangu juu ya barakoa. Kisha akaitazama ile dawa iliyolala mezani, haikutumika, akaifunika kwa kitambaa.

Mtoto akalia. Msichana. Alilia kama mtu aliyecheleweshewa chai.

Nilifungua breki ya machela, nikaifunga, nikaifungua. Sikuwa na la kufanya na mikono.

Mke wangu alikwenda kwa mpishi mkuu kwa miguu yake, gauni la kijani bado mwilini. Hakumtaja bibi, hakumtaja sista wa wodi. Alisema, "Nilimimina bila kutazama." Akaondolewa kwenye chai, akapelekwa kufua mashuka. Alifua bila manung'uniko, ila alinenepa kidogo kwa huzuni, na mimi nilikunywa chai nyingi kuliko kawaida, maana ilibidi ammiminie mtu.

Aliyemrudisha ni yule bibi mfupi. Aliposikia habari nzima alikwenda jikoni, akasimama mbele ya mpishi mkuu, hamfikii hata kifuani.

"Kikombe nimekisimamisha mimi. Unataka kunifukuza kazi na mimi? Nifukuze. Sina kazi."

Mpishi mkuu akageukia masufuria yake. Watu wakacheka wiki nzima. Kisha binti wa usingizi naye akaenda kuongea naye, kwa ile sauti yake ya chini, na sijui alisema nini. Kitoroli kikarudi kwa mwenyewe.

Vikombe viliendelea kufunikwa. Lakini mke wangu hakuviamini tena. Alisimama kwenye kila kitanda, birika chini, akasema, "Mwanangu, nitazame. Leo unapasuliwa?" Akangoja jibu la mdomo na la macho, yote mawili. Wakati mwingine aliguna, akaenda kumwita sista. Chai ikawa inafika kitanda cha mwisho imepoa. Walimlalamikia. Hakujali.

Nyumbani nako akaanza hivyo hivyo. Nikirudi zamu, kabla sijavua viatu: "Nitazame. Umekula?" Hukuweza kumdanganya. Nilijaribu.

Amefariki mwaka huu. Alikuwa ameketi, anapumzika, birika liko jikoni linachemka. Nililisikia likiungua ndipo nikajua hayupo wa kuliondoa.

Watu wakaja, wakajaa nyumba. Mimi nilikaa kwenye kiti kilichopo pembeni ya mlango, pale ninapokaa siku zote. Waliniwekea kikombe kwenye kistuli, kimefunikwa, inzi wasiingie. Kilikaa hivyo. Waliopita walinishika bega wakapita. Wote walidhani mwingine ameshanipa.

Siku ya pili mlango ukawa giza. Nikainua macho. Ni Fundi, upana ule ule, na nyuma yake msichana wa shule mwenye miguu mirefu. Hakulia kwa sauti. Alikwenda moja kwa moja jikoni, nikasikia vyombo vikigongana, na moyo wangu ukaruka kipumbavu, maana vilisikika kama vyake. Akatoka na birika. Akazunguka, mtu kwa mtu, binti nyuma na sahani ya mkate. Mwishowe akafika kwangu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Lini?"

"Asubuhi."

Akaweka birika sakafuni. "Baba. Nitazame."

Nilijaribu. Nilifika kwenye kidevu chake, macho yakakataa kupanda. Yeye akangoja, kama aliyefundishwa na mwenyewe. Nikapandisha.

"Sijala kitu," nikasema. "Tangu alipoondoka."

Hakusema pole. Alikigeuza kile kikombe, akakisimamisha, akamimina. Akavuta kiti, kikalia chini yake, akakaa mbele yangu mpaka nikaona chini ya kikombe. Mkate pia nikaumaliza.

Jirani yangu wa upande wa kulia alikuwa ameacha kipande chake kwenye sahani. Fundi akakitazama. Akakichukua, akaniwekea mkononi.

"Na wa jirani," akasema.